Yohana wa Patmo na Ufundi wa Kushawishi

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa chakula wa shule, jioni ya Siku ya Wanafunzi wa Zamani.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wangu wa zamani ambao Mungu amewajalia kuwapo leo kunisikia nikikosea, ndugu wanachama wenzangu, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo sisi pia tulipenda kuketi, na kwa sababu hiyo hiyo:

Nashukuru kwa heshima hii. Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote la elimu, lisizidi nusu saa, wala lisiwe la siasa. Nimetafuta sana katika machache ninayoyajua jambo lisilo na siasa, nikakosa. Basi nimechagua siasa ya miaka elfu moja na mia tisa iliyopita, nikitumaini kwamba Katibu atanisamehe. Nitasema juu ya kitabu cha Ufunuo wa Yohana, kitabu cha mwisho katika Biblia, na hasa juu ya njia ambazo mwandishi wake anazitumia kuwashawishi watu.

Najua humu tumo Wakristo na Waislamu, na wamo wengine ambao Jumapili na Ijumaa kwao ni siku kama nyingine. Sikuja kuhubiri. Nitakishika kitabu hiki kama tulivyofundishwa hapa kuishika hoja ya mpinzani katika mdahalo: ni nani anayesema, anamwambia nani, anataka afanye nini, naye anampataje. Elimu hii Wayunani waliiita retoriki, na sisi tunalo tangu zamani neno la balagha, ingawa siku hizi wanafunzi wengi wanalikumbuka kwa lile swali la balagha la mtihani tu.

Kwa kuwa nimetaja mdahalo, sina budi kuungama jambo. Nilipokuwa kidato cha tatu nilisimama katika ukumbi huu huu kutetea hoja kwamba mkulima ni bora kuliko daktari. Mpinzani wangu alikuwa kijana mpole wa kidato cha nne, aliyejitayarisha vizuri sana, na hoja zake zilikuwa na nguvu kuliko zangu. Lakini alikuwa akisoma katika karatasi. Zamu yangu ilipofika sikujibu hata hoja yake moja. Nilisema tu kwamba tumemsikia Kasuku, sasa na tumsikilize mtu. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, kura zikapigwa, tukashinda vibaya sana. Jina la Kasuku likamganda mpaka alipomaliza shule. Leo sikumbuki neno hata moja alilolisema siku ile kuhusu madaktari, wala sidhani yupo anayekumbuka. Ndugu huyo hajapata kuhudhuria hata mkutano mmoja wa chama chetu, na sijui kama sababu ni hiyo.

Mtaona baadaye kwa nini nimelisema.

Yohana aliandika akiwa kisiwani Patmo, kisiwa kidogo cha mawe katika bahari ya Aegea, chenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 34. Wataalamu wengi wanaliweka jambo hilo mwishoni mwa utawala wa Kaisari Domitian, aliyetawala tangu mwaka 81 hadi 96, ingawa wako wanaolirudisha nyuma hadi miaka ya 60. Aliwaandikia Wakristo wa miji saba ya jimbo la Asia, ambalo leo ni upande wa magharibi wa Uturuki: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Wala msidhani kila mmoja alipewa nakala yake akaisomee kitandani. Mwanzoni kabisa anambariki msomaji, mmoja, na wasikiao, wengi. Kilikuwa kitabu cha kusomwa kwa sauti mbele ya watu waliokusanyika, yaani hotuba. Ninyi mliochoka na hotuba yangu mfikirie sura 22 kwa mkupuo mmoja.

Sasa, wengi wetu tulifundishwa ya kwamba watu hao walikuwa katika mateso makali, wakiwindwa na askari wa Kaisari, na kwamba Yohana aliandika kwa mafumbo ili adui asielewe. Wataalamu wa miaka ya karibuni wamelipunguza jambo hilo sana. Adela Yarbro Collins katika kitabu chake cha mwaka 1984, na Leonard Thompson katika chake cha mwaka 1990, walionyesha kwamba ushahidi wa mateso makubwa chini ya Domitian ni haba. Yohana mwenyewe, katika makanisa yote saba, anamtaja kwa jina mtu mmoja tu aliyeuawa, Antipa wa Pergamo. Barua mashuhuri ya gavana Pliny kumwuliza Kaisari Trajan awafanyeje Wakristo wanaokataa kufukiza ubani mbele ya sanamu yake, ni ya mwaka 112 hivi, tena ilitoka jimbo jingine.

Tena tazameni anavyosema na Laodikia. Mji huo ulibomolewa na tetemeko mwaka 60, na mwanahistoria Tacitus anatuambia kwamba ulijijenga upya kwa mali yake wenyewe bila msaada wa Roma. Wakristo wa mji huo, kwa maneno ya Yohana, walijiona matajiri wasiopungukiwa na kitu. Je, hao ni watu waliojificha mapangoni? La hasha. Ni watu wenye maduka.

Basi shida ilikuwa nini? Katika Thiatira, mawe yaliyochimbuliwa yenye maandishi yanataja vyama vya mafundi wa kila namna: wafumaji, watia rangi, watengeneza ngozi, wafinyanzi, wafua shaba. Fundi aliyetaka kazi alikuwa ndani ya chama chake, na chama kilikuwa na karamu, na karamu ilikuwa na mungu wake, na nyama ya mezani ilikuwa imetolewa sadaka kwanza. Juu ya hayo yote kulikuwa na ibada ya Kaisari. Pergamo ilipewa ruhusa ya kumjengea Augusto hekalu mwaka 29 kabla ya Kristo, Smirna ikapewa la Tiberio mwaka 26 baada ya Kristo, na Efeso ikafungua lake, la jamaa ya Domitian, mwaka 89 au 90. Hakuna aliyeshikiwa upanga ili aende. Watu walikwenda kwa furaha, kama watu wanavyokwenda kwenye sikukuu yenye nyama ya bure.

Fundi Mkristo afanye nini? Ale, au asile akose kazi?

Katika Thiatira alikuwako mwanamke aliyekuwa akifundisha kanisani kwamba yawezekana kula. Watu walimheshimu kama nabii. Yohana anampinga kwa nguvu zake zote, na silaha yake ya kwanza ni jina: anamwita Yezebeli. Kila mtu aliyeyajua maandiko ya Wayahudi alimjua Yezebeli, yule malkia aliyewaua manabii, akatupwa dirishani na kuliwa na mbwa. Yohana hasemi mama huyu alitoa hoja gani. Hatuambii hata jina alilopewa na wazazi wake. Anasema tu kwamba anawapoteza watumishi, na kwamba wanawe watauawa, na wafasiri wengi wanaona kuwa wana hao ni wafuasi wake.

Ndugu zangu, kila ninapofika hapo namkumbuka Kasuku.

Maana hoja za mama yule yawezekana zilikuwa na uzito. Karibu miaka arobaini kabla yake, Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya nyama za namna hiyo hiyo. Alikubaliana na waliosema kwamba sanamu si kitu, na kwamba kinachouzwa sokoni chaweza kununuliwa bila kuuliza maswali, ila aliwakataza kuketi katika meza ya mashetani, na akawataka wamwangalie ndugu aliye dhaifu wa dhamiri. Ni jawabu la mtu anayepima huku na huku. Mama wa Thiatira huenda alikuwa mwanafunzi wa kweli wa upande mmoja wa jawabu hilo. Huenda alisema: mume wa fulani ni mtia rangi, ana watoto watano, sanamu ni jiwe, ale, arudi nyumbani, asali. Haya ni ya kukisia, lakini si ya kubuni hewani.

Mwaka 2001 Paul Duff alichapa kitabu kinachofuata uzi huu, na mimi kilinifungua macho. Mashitaka ya Yohana juu ya mama huyu ni mawili, uzinzi na kuwapoteza watu. Nendeni sasa hadi sura ya 17 na ya 18, alipo yule mwanamke mwingine, Babeli, aliyevaa zambarau na kumpanda mnyama mwekundu. Mashitaka ni yale yale. Tena kitenzi cha Kiyunani cha kupoteza anachokitumia kwa mwalimu wa Thiatira, anakitumia kwa Babeli, kwa mnyama wa pili, na kwa Shetani mwenyewe. Hasemi popote kwamba mama huyu ni Babeli. Hana haja. Msikilizaji aliyeketi kanisani Thiatira, mama mwenyewe labda akiwa ameketi safu ya pili, alifika sura ya 18 akiwa ameunganisha mwenyewe, na jambo ambalo mtu ameliunganisha mwenyewe hulishika kuliko aliloambiwa.

Huo ndio ufundi wake mkubwa: anaondoa katikati. Kuna muhuri wa Mungu katika paji la uso, na kuna chapa ya mnyama. Kuna bibi arusi na kuna kahaba, kuna Yerusalemu na kuna Babeli. Mnyama ana jeraha la mauti lililopona, akimwigiza Mwana-Kondoo aliyechinjwa akawa hai. Kila kitu kina pacha wake mbaya, na kati ya pacha wawili hakuna kiti. Walaodikia, wasio moto wala baridi, wanaambiwa watatapikwa. Mtia rangi wa Thiatira aliingia kanisani akiwa na swali lenye pande tano au sita, akatoka akiwa na mbili.

Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa tabia yake anavyoionyesha, kwa hisia anazoziamsha, na kwa hoja zenyewe. Yohana anazo zote. Juu ya tabia, hajiiti mtume. Anajiita ndugu na mwenzao katika dhiki, kisha anasema maneno haya si yake, ameyapokea. Ni unyenyekevu ambao hauachi nafasi ya kubisha, kwa kuwa atakayebisha habishani naye. Mwishoni anaweka laana kwa mtu atakayeongeza au kupunguza. Nimeona wasemaji wengi maishani, wala sijaona aliyefunga mlango vizuri namna hiyo. Greg Carey, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1999, hakufurahishwa nalo. David deSilva, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2009, anamtetea zaidi, akisema ndivyo manabii walivyosema siku zote. Wote wawili wana haki.

Lugha yake nayo! Karne ya 3 Askofu Dionysius wa Aleksandria alikwisha lalamika kwamba Kiyunani cha kitabu hiki kina makosa ya sarufi, ambayo mwalimu wetu wa lugha angeyapiga mstari mwekundu yote. Lakini kimejaa mwangwi wa Isaya, Ezekieli na Danieli karibu katika kila aya, bila hata mara moja kutaja kwamba sasa ninanukuu. Msikilizaji hakuonyeshwa andiko alipime. Alisikia sauti anayoijua tangu utoto, akaamini.

(Vijana watanidai habari za 666. Kwa kifupi: ukiandika Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania, ambazo kila moja ni tarakimu pia, jumla yake ni 666. Nakala nyingine za kale zina 616, ikiwemo ya mafunjo iliyopatikana Oxyrhynchus nchini Misri na kuchapwa mwaka 1999, na hiyo ni hesabu ya jina hilo hilo likiandikwa bila herufi moja ya mwisho. Tuendelee.)

Mpaka hapa mnaweza kudhani nimekuja kumshitaki Yohana. Sivyo. Ngojeni niwaeleze mizigo.

Katika sura ya 18 Babeli, yaani Roma, inaanguka, na wafanyabiashara wanalia kwa kuwa hakuna tena wa kununua shehena zao. Kisha inafuata orodha ya bidhaa 28: dhahabu, fedha, vito, lulu, kitani, hariri, vyombo vya pembe za ndovu, marumaru, mdalasini, ubani, mvinyo, mafuta, ngano, ng'ombe, kondoo, farasi. Ni orodha ya karani wa bandarini. Richard Bauckham ameichambua bidhaa kwa bidhaa, akaonyesha kwamba nyingi ni zile zile ambazo Warumi wenyewe walizitaja kuwa fahari ya matajiri wao. Vijana wa Historia wanakumbuka Rhapta na pwani ya Azania. Kile kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne hiyo hiyo ya kwanza, kinasema pembe za ndovu zilitoka Rhapta kwa wingi, ingawa kwa ubora hazikufikia zile za Aduli. Basi Yohana alipotaja pembe, alitaja biashara ambayo mkono wake ulifika mpaka pwani yetu hii.

Na orodha hiyo inaishia wapi? Inaishia kwa watumwa. Anawataja kwa neno la sokoni, miili, kisha anaongeza kwamba hizo ni roho za wanadamu. Bidhaa ishirini na saba zimepita kwa mwendo wa karani, na ya mwisho inapasuka mkononi.

Yupo nani mwingine katika Asia ya siku zile aliyeisoma orodha hiyo namna hiyo? Mwaka 9 kabla ya Kristo halmashauri ya jimbo hilo iliamua mwaka uanze siku ya kuzaliwa kwa Augusto, ikachonga katika mawe ya Priene na kwingineko kwamba siku hiyo ilikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Hicho ndicho watu walichokiona kila siku katika mawe na katika fedha. Kaisari Vespasian alitoa sarafu mwaka 71 yenye mungu mke Roma ameketi kwa utulivu juu ya vilima saba, na David Aune amedokeza kwamba picha ya namna hiyo ndiyo aliyoigeuza Yohana alipomketisha kahaba wake juu ya milima saba. Mtu anayeshindana na mawe, mahekalu na fedha za dola nzima, naye ana karatasi na msomaji mmoja, atasema kwa upole? Atapima huku na huku? Elisabeth Schüssler Fiorenza, katika maandishi yake ya mwaka 1985, anauliza swali hilo, na anajibu kwamba maneno ya Yohana yanapatana na hali ya watu wenye njaa ya haki. Mwaka huo huo wachungaji wa Afrika Kusini katika Hati ya Kairos waliwakumbusha watawala, waliopenda kunukuu sura ya 13 ya Warumi, kwamba iko pia sura ya 13 ya Ufunuo, ambamo serikali ni mnyama. Mwaka 1987 Allan Boesak alitoa kitabu kizima juu ya Ufunuo, na hakuna aliyekisoma kule aliyehitaji kuelezwa mnyama ni nani. Mbele ya ubaguzi wa rangi, mtu aliyetafuta kiti cha katikati alikuwa amekwisha chagua upande.

Hapo ndipo ninapokwama, nami sioni haya kukwama mbele yenu. Ufundi ule ule uliomtaja mtumwa kuwa ni roho, ndio uliomfuta jina mama wa Thiatira. Siwezi kuuchukua mmoja nikaurudisha mwingine dukani. Tena ufundi huo hauna mwenyewe. Yeyote aweza kuuokota. Mwezi Machi mwaka 2000 huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu walikufa mikononi mwa kundi lililowaambia siku za mwisho zimefika. Mwaka 2023 msituni Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wengi, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe. Yohana hakumwambia mtu yeyote ajiue wala aue. Kwake ushindi ni kushuhudia na kuvumilia, na pale anaposikia habari za simba, akigeuka kutazama anamwona Mwana-Kondoo aliyechinjwa. Lakini pande mbili tupu, bila kiti katikati, na msemaji ambaye kumbishia ni kumbishia Mungu, hayo waliokufa pale waliyasikia.

Naona Mwalimu wa zamu anatazama saa. Nimalize kwa jambo la utendaji. Nimezungumza na katibu wa chama cha mdahalo, kijana makini, na amekubali kwamba Jumamosi ijayo hoja itakuwa hii: Fundi wa Thiatira na ale. Upande wa upinzani utamtumia Yohana, na kazi yao ni rahisi kwa kuwa hotuba yao imekwisha andikwa. Watetezi watamsemea yule mama. Nimewapa sharti moja tu, kwamba kabla ya yote wamtafutie jina, liwe la Kiyunani la kawaida, wamwite kwa hilo jioni nzima.

Na ikiwa yupo humu anayejua anwani ya yule ndugu wa kidato cha nne, anione baada ya chakula.